Usahihi wa orakeli umepimwa dhidi ya nini?

Umeuliza kama tafiti zinazotolewa na waendeshaji wenyewe wa mitandao ya orakeli, yaani mifumo inayoingiza bei za nje kwenye blokucheini (daftari la kidijitali linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja), zinaaminika. Zisome, ila kwanza tazama usahihi umepimwa dhidi ya nini. Upendeleo hujificha hapo. Ukilinganisha bei ya orakeli na vyanzo vilevile inavyovisoma, itafaulu tu, kama mwanafunzi anayejisahihishia mtihani.

Chukua yaliyotokea Compound, mfumo wa kukopeshana sarafu za kidijitali kwa dhamana, Novemba 2020. DAI, sarafu ya kidijitali inayotakiwa kukaa dola 1, ilipanda ghafla hadi karibu dola 1.30 kwenye soko la Coinbase Pro. Orakeli iliisoma bei hiyo na kuipeleka ilivyo. Masoko mengine hayakufika huko, lakini mfumo ukaona waliokopa DAI wamezidiwa na deni, na dhamana zao za mamilioni ya dola zikachukuliwa kulipia madeni hayo. Ukipima kwa chanzo chake, kosa ni sifuri. Ukipima kwa soko zima, watu walipoteza mali zao kwa bei ambayo kwingineko haikuwepo.

Idadi ya nodi, yaani kompyuta zinazoisomea orakeli bei, pia isikutie moyo haraka. Nodi 20 zinazosoma soko moja ni shahidi mmoja aliyehojiwa mara 20.

Na wastani wa usahihi wa mwaka mzima mimi siutegemei kabisa (nimeuona ukitumika mno), kwa sababu siku tulivu huzifunika dakika chache za vurugu. Omba takwimu za dakika hizo.