Wasichana wa voliboli, msingoje goti liwaambie

Juzi usiku msichana mmoja aliyemaliza fomu foo amenitumia meseji, ati klabu fulani ilimwona kwenye michezo ya shule na sasa wanataka kumpa kazi, anauliza asaini ama angoje. Nikamjibu mistari miwili nikalala. Asubuhi nikaona wacha niandike vizuri, maana hilo swali naulizwa kila mwaka mashindano ya shule yakiisha.

Mi nilikuwa seta, yule anayewainulia wenzake mpira wapige. Ligi ya taifa miaka sita, sio nyota, kambi ya timu ya taifa niliitwa mara mbili na zote mbili nikakatwa mwishoni, kwa hivyo ukinitafuta Google hunipati. Lakini kitu kimoja nakijua: hapa Kenya voliboli ya akina dada ni ajira. Timu kubwa zote, Prisons ya magereza, Pipeline ya bomba la mafuta, KCB ya benki, KPA ya bandari, DCI ya wapelelezi wa polisi, ni za taasisi zenye shughuli zao, na kuna mchezaji ameandikwa kazi ya kudumu kabisa, ana cheo, akistaafu kucheza anaendelea kuripoti ofisini au kuvaa sare, halafu kuna mwingine wanasimama naye bega kwa bega kwa picha ya timu na yeye ana mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Ukiwaangalia uwanjani huwezi kuwatofautisha.

Mimi nilikuwa huyo wa pili na sikujua. Siku ya kusaini kulikuwa na raba mpya mezani, bado ziko kwa boksi na ile karatasi nyembamba, na nakwambia ukweli macho yangu yalikuwa kwa raba, kalamu ilikuwa inajiendea tu.

Goti lilienda mazoezini, si hata mechi. Pasi ya kwanza ilitoka mbali na wavu, nikaikimbilia, nikatua na mguu mmoja, mwili ukageuka huku mguu umebaki kule, nikasikia tak kama kijiti kikavu. Libero wetu, yule wa kulinda nyuma tu, alikuwa mbali kabisa na yeye akasikia. Mkataba uliisha Desemba nikiwa bado natembea na magongo, hakuna aliyenipigia, ila mtu alitumwa nyumbani aje achukue jezi mbili na trakisuti. Mamangu akamfungulia, akazikunja vizuri, akampa na chai.

Miaka iliyofuata nimeuza mitumba ya watoto. Sio kazi mbaya, imenilisha, lakini voliboli sikutaka hata kuiona. Mpaka Olimpiki ya Paris 2024. Malkia Strikers, timu yetu ya taifa ya akina dada, wanacheza na Brazil, wanachapwa, na mi naangalia kwa duka la jirani. Na kwa hiyo safari Janet Wanja yuko, kama mwalimu wa mazoezi ya viungo. Hapo ndo nikakaa chini.

Janet alikuwa seta kama mimi, tofauti ni kwamba yeye alikuwa seta kweli. Alienda Olimpiki ya Athens 2004 akiwa na miaka 20. Baada ya hapo Malkia hawakurudi Olimpiki mpaka Tokyo, ile ilichezwa 2021. Hebu hesabuni wenyewe, Beijing hatukuwa, London hatukuwa, Rio hatukuwa. Na sio ati timu ilikuwa mbovu, hapo katikati wamebeba ubingwa wa Afrika 2005, 2007, 2011, 2013 na 2015, ila ile tiketi ya Afrika ikawa inaenda Algeria, mara Algeria tena, mara Cameroon. Kuna dada zetu medali za Afrika zimejaa kabatini na Olimpiki waliiona kwa TV kama mimi tu. Sasa Janet akafika Paris akiwa na miaka 40, kupitia mlango mwingine kabisa. Desemba 27 mwaka huo huo akafariki, saratani ya kifuko cha nyongo. Mpaka leo nikikumbuka nanyamaza kwanza.

Huo mlango mwingine ndio nataka mwanze kuusaka mkiwa bado mnaruka vizuri. Brackcides Agala alikuwa kepteni wa Malkia, akahamia voliboli ya ufukweni, akaenda Tokyo na Gaudencia Makokha. Wengine wanashika filimbi. Wengine wanafundisha. Kozi ya ukocha ya FIVB, shirikisho la voliboli la dunia, ile ya kwanza kabisa, hushuka kupitia shirikisho la hapa nchini, na mchezaji aliye klabuni ndiye habari humfikia mapema, mi nimekuja kuisaka nikiwa mtaani na nilitoa jasho.

Na msijidharau ati mnajua kucheza tu. Seta hasa. Unasimama pale wavuni, jicho moja kwa pasi inayokuja, lingine limeiba kwa mtu wao wa kati, ukiona kisigino chake kimeinuka na uzito umeegemea kushoto huyo ameshajitoa, unaupeleka mpira nyuma ya kichwa chako na mshambuliaji wako anakuta wavu mtupu. Hakuna mtu alikuandikia hiyo ubaoni. Nunua daftari ya shilingi hamsini, jioni ukirudi andika, nani anaogopa bloku, ule ukuta wa mikono wavuni, nani akikosa spaiki moja, lile pigo la kushambulia, anataka apewe tena hapo hapo na nani ukimpa tena atalia. Mi nilikuwa na hayo yote kichwani na nusu yameyeyuka.

Kuhusu kusaini, uliza. Usiogope kuonekana mjuaji. Ni ya kudumu ama ya muda? Nikiumia mazoezini nani analipa picha ya goti na upasuaji, na mshahara unaendelea miezi mingapi? Naruhusiwa kusoma jioni? Kama meneja anacheka tu na kusema wewe cheza hayo mengine tutaona, basi ujue wewe ndiye utaona. Mwende na mtu mzima, mama, mjomba, mwalimu wa michezo, yeyote asiyeangalia raba.

Halafu mshahara wa kwanza, jamani, usianze kujengea ukoo mzima. Naishia hapo kwa hilo, wenye masikio wamesikia.

Na kutua. Tua na miguu miwili, magoti yamekunjwa kidogo, kila mara, hata kocha asipoangalia, hasa mnaofanyia mazoezi kwa simiti ya shule. Wavu wa akina dada ni mita 2.24, na mtu wa kati anapanda mara ngapi kwa siku moja ya mazoezi? Hesabu ya kupanda kila mtu anaifurahia, ya kushuka inalipwa na goti.

Yule msichana tumeongea tena leo asubuhi. Nilimwambia anipigie picha mkataba, kila ukurasa. Akatuma wa kwanza, una jina lake na mshahara. Akatuma wa tatu, una mahali pa sahihi. Nikamuuliza wa pili uko wapi, akanyamaza kidogo, akaandika, "Dada, kwani kulikuwa na wa pili?"

Nimemwambia arudi aulize, na kalamu aiache nyumbani.