Wadogo zangu wa atachimenti, ile namba mbaya msiifute

Wiki iliyopita niliingia maabara saa nane mchana, jua la kaskazi limewaka huko nje mpaka malundo ya chumvi huwezi kuyaangalia bila kukunja macho, nikamkuta kijana wetu wa atachimenti ameinama juu ya daftari na kile kichupa cheupe cha kufutia wino. Nikachungulia. Ni vipimo vya ayodini kwenye chumvi, kwa mililita. Ameandika 3.8, 3.9, 3.8, halafu 1.1, na brashi iko juu ya 1.1.

Nikamwambia baba, weka hicho kichupa chini. Akanijibu kwa adabu zake zote, "Ami, hii moja imeharibika tu, naiandika 3.8 iende na wenzake."

Wallahi nilivuta kiti nikakaa. Manake hayo maneno nayajua, niliwahi kuyasema mimi, na kila mwaka wanakuja wengine, chuo tofauti, sura tofauti, kichupa ni kile kile. Kwa hivyo nawaandikia nyinyi mnaokuja kwenye hii kazi ya chumvi huku kaskazini mwa Malindi, na hata wale mtakaoenda kwa maji, simiti au dawa someni tu.

1. Kemia haijagawanywa kama mashamba. Siku ya kwanza nikiwauliza mnasomea nini, mmoja "mimi ogania Ami", mwingine analitiki, mwingine ya viwanda, basi ukimwambia wa ogania ashike haidromita, kile kipimo cha uzito wa maji ya chumvi, aende bwawani anakutazama kama umemtusi mamake. Hebu fuateni maji. Yanaingia kutoka baharini na gramu kama 35 za chumvi kwa kila lita, haidromita inasoma tatu na nusu hivi kwa vipimo vya Baume, jua na upepo vinayala taratibu, kwanza inaanguka chokaa, kisha jasi, na yakifika 25 au 26 ndio chumvi yenyewe inaanza kuota chini, vioo vidogo vya pembe nne, ukikichukua kimoja ukakiweka kwenye ukucha unaona kingo zake zimenyooka kama zimekatwa na fundi. Ukizembea maji yakapita 29, 30, magnesiamu inaingia na chumvi inakuwa chungu. Hiyo ni kemia ya fizikia. Ayodeti, ile ayodini tunayopulizia kwenye chumvi, ni isiyo ya ogania, kuipima ni analitiki, na inakokwenda, kwenye tezi ya shingo ya mtu, ni baiokemia. Chembe moja ya chumvi imepita idara zote na hakuna aliyeiuliza kitambulisho.

Na hiyo mipaka yenyewe ni ya juzi. Watu waliamini vitu vya viumbe lazima viwe na nguvu ya uhai ndani yake, mpaka 1828 Friedrich Wöhler akapata urea, kitu cha kwenye mkojo, kutoka kwa chumvi ya amonia bila figo ya mnyama yeyote. Alkali mnayoiandika kila siku nayo ni Kiarabu, al-qali, majivu ya mimea ya chumvichumvi, kwa hivyo asije mtu akaniambia kemia ni ya wazungu peke yao.

2. Mbinu ya kisayansi mnaiimba vizuri sana. Uchunguzi, swali, nadharia tete, jaribio, hitimisho, mpaka raha. Lakini mimi sijawahi kuiona hiyo mbinu kwenye wimbo, nimeiona kwenye daftari, pale mtu anapopata namba asiyoitaka. Karne ya 18 wanakemia wengi walishika kwamba kitu kikiungua kinatoa kitu kinaitwa flojistoni. Shida ni kwamba metali zikiunguzwa zinazidi uzito, hazipungui. Sasa wengine badala ya kuuliza wakasema ah, basi flojistoni ina uzito hasi, ili mradi hadithi yao isivunjike. Antoine Lavoisier akafunga vyombo, akapima kabla na baada, akaonyesha uzito uliozidi umetoka kwenye hewa, na hiyo sehemu ya hewa akaiita oksijeni. Kitabu chake kikatoka 1789, na 1794 wenzake huko Ufaransa wakamkata kichwa kwenye yale mapinduzi yao. Mizani ndiyo iliyomjibu. Na mizani ndiyo hiyo nyinyi mnaegemeza viwiko mezani kwake mkipiga stori.

Hata ayodini tunayoishi nayo hapa ilipatikana hivyo hivyo. 1811, Bernard Courtois alikuwa anatengeneza shura, ile ya baruti, kwa majivu ya mwani, asidi ya salfuriki ikamzidi, ukapanda mvuke wa zambarau. Angeweza kumwaga akaosha chungu akaendelea na shura yake.

3. Sasa hii nimekaa nayo miaka mingi.

Mwaka wangu wa kwanza kazini, kiwanda kingine, sio hiki, zamu ya usiku, mwezi wa Ramadhani. Kila saa naletewa sampuli kutoka kwenye mkanda: gramu kumi, maji, asidi, potasiamu ayodaidi, dakika kumi kwenye kabati la giza, halafu unadondosha thayo (thayosalfeti) ya 0.005 mpaka rangi ya ayodini iishe, mnajua wenyewe. Kila mililita ya thayo ni kama miligramu 10.6 za ayodini kwa kilo, kwa hivyo 3.8 ni 40, mambo sawa. Saa nne 3.9. Saa tano 3.8. Saa sita 3.9. Saa saba 0.9.

Ile flaski naiona mpaka leo. Za kabla yake zilitoka kabatini na njano ya chai ya tangawizi, hii ilikuwa njano ya maji ya mvua yaliyolala kwenye pipa, mpaka uiweke mbele ya karatasi nyeupe ndio uone kuna rangi. Nikajiambia ni mimi nimekosea, pipeti, usingizi, kitu chochote. Kurudia ni nusu saa, na daku inakaribia. Nikaandika 3.8. Saa nane ikaja 0.7 na hapo nilikuwa nimeshajifunga, manake nikiiandika nitaulizwa ile ya saa saba ilikuwaje, nikaandika 3.9. Saa tisa sikupima kabisa. Niliandika 3.8 na mkono haukutetemeka. Hiyo ya saa tisa ndiyo inayoniuma kuliko zote.

Asubuhi akaingia mzee wetu wa maabara, Mgiriama mmoja mpole ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, akafungua kabati la sampuli za akiba, akachukua ya saa tisa, akaipima mwenyewe. Mimi niko pembeni naosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi tayari. Alipotia wanga, unaogeuka buluu penye ayodini, haikuja ile buluu nzito, ilikuja buluu ya nguo iliyofuliwa mara nyingi, akaachia matone ya thayo, moja, mawili, machache tu, ikaisha. Akalisogeza daftari karibu yangu. "Mwanangu, hii 3.8 uliiona wapi?"

Nikamwambia ukweli, kuanzia saa saba.

Tukaenda kwenye mashine. Mdomo wa bomba la kupulizia ayodeti ulikuwa umezibwa na kipande cha chumvi ukubwa wa punje ya mtama. Yaani ile 0.9 ilikuja mpaka mkononi mwangu kuniambia bomba limeziba, na mimi nikaifuta.

Lori lilikuwa limeshapita Kilifi. Likarudishwa. Magunia yakafunguliwa moja moja, na waliofungua ni wale kina mama wa kushona magunia, wamemaliza zamu, wamefunga, wanangoja gari liwapeleke nyumbani, wakaambiwa warudi chini wafumue uzi walioushona wenyewe usiku kucha. Nikaenda kukaa nao nifumue. Mama mmoja akanisogezea gunia tupu nikalie, akaniambia, "Kaa mwanangu, nawe umechoka." Hakuwa anajua. Nikamwambia ni mimi. Akanitazama kidogo, akarudi kwenye uzi wake, na hatukusema kitu tena mpaka adhuhuri.

Na msidhani ni habari ya uzi na lori. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 za ayodini kwa siku, mjamzito 250, ni kitu kidogo hata ukiwekewa kiganjani hukioni. Hakina ladha, hakina harufu, huyo mama akinunua pakiti dukani hana njia yoyote ya kujua kimo au hakimo. Rovu angalau linaonekana shingoni. Lisiloonekana ni la mtoto aliyekosa ayodini tumboni akazaliwa ubongo umeumia, na huyo hajui kama kulikuwa na mtu fulani saa tisa za usiku ameshika kalamu.

4. Vidogo vidogo. Thayo inapungua nguvu ikikaa, istandadaizini, yaani ipimeni nguvu yake upya, na msiamini lebo ya wiki ile. Wanga ni mwishoni, njano ikishakuwa hafifu. Dakika kumi za giza ni kumi, sio sita na simu mkononi. Bureti, ile mirija ya kudondoshea thayo, isomwe jicho likiwa usawa na maji. Asidi ndiyo inaingia kwenye maji. Sandali ni za kwenda ufukweni. Sampuli ya akiba wekeni lebo kabla ya kuipima, na mkiona chupa haina lebo mwageni, hata kama mnadhani mnaijua, nimewaambia hili mara ngapi jamani.

5. Na kama mnaona Ami anakuza mambo, sikilizeni habari ya Lord Rayleigh. Huyu alikuwa Mwingereza mwenye subira ya kupima uzito wa gesi. Nitrojeni aliyoitoa kwenye hewa ilimpa gramu 1.2572 kwa lita, na ile aliyoitengeneza kutoka kwa kemikali ikampa 1.2505. Tofauti ya nusu ya asilimia, wadogo zangu. Nyinyi hiyo hamuiiti hata tofauti, mngeandika 1.3 zote mbili mkaenda kula. Yeye akapima tena, ikaja vile vile, akapima kwa njia nyingine, vile vile, na 1892 akaandika hadharani kwamba kuna jambo limemshinda, mwenye wazo amsaidie. Akaungana na William Ramsay, na 1894 wakatangaza kwamba ndani ya ile nitrojeni ya hewani kumejificha gesi ambayo haikuwa ikijulikana, argoni. Ni karibu asilimia moja ya hewa! Watu wote tangu dunia iumbwe wameivuta, na kwenye jedwali la elementi la Mendeleev la 1869 haikuwa na hata mahali pa kukaa, ikabidi iongezwe safu nzima. 1904 wote wawili wakapata Nobel. Argoni ilikuwa kwenye hiyo desimali.

Turudi kwa kijana wangu. Habari ya lori sikumpa siku hiyo. Nilimwambia tu, haya, twende tukaiulize hii 1.1 imetoka wapi.

Tukaanza na bomba, kwa tochi, mimi moyo unanienda mbio kama ule usiku, tukakuta liko wazi linapuliza vizuri. Thayo chupa ile ile. Wanga ule ule. Nikamuuliza, 1.1 kwa 3.8 ni kama ngapi kwa ngapi? Akatoa simu akapiga hesabu, akasema kama tatu kwa kumi. Halafu akanyamaza. Akaenda mwenyewe kwenye mizani, akachukua kile kisahani cha kioo alichopimia, akakiweka kitupu, ikasoma 7.0. Hakuwa ameirudisha sifuri. Alipima gramu saba za kioo na tatu za chumvi akasema kumi zimetimia.

Akarudia. 3.8.

Ilikuwa imefika saa kumi, ametoka jasho, lakini meno yote nje. Akaniuliza, "Sasa Ami, ile nifute?" Nikamwambia piga mstari mmoja mwembamba wa wino, uwe bado unasomeka chini yake, weka sahihi, pembeni andika kilichotokea. Akaandika kwa herufi ndogo nzuri: kisahani, gramu 7.0, mizani haikurudishwa sifuri.

Kichupa chake kiko kwenye droo yangu, akimaliza atachimenti atakichukua.