Kocha anayevaa jezi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 38, bado nacheza mpira wa kikapu, na timu yetu ya mtaa inataka niwe kocha pia. Yupo aliyewahi kuyaweza yote mawili?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Yupo, na nampenda kuliko makocha wote: Robert Jaworski wa Ufilipino. Mwaka 1978, akichezea timu ya Toyota, alikuwa mchezaji bora wa ligi ya kulipwa, PBA. Timu hiyo ilipovunjwa akahamia Ginebra, na mwaka 1985 akawa kocha mchezaji. Alikuwa na miaka 39, mmoja zaidi yako!

Mwaka huohuo, katika mechi dhidi ya timu ya Northern Consolidated, alipigwa kiwiko, mdomo ukachanika. Alipelekwa hospitali, akashonwa nyuzi 9, akarudi uwanjani mechi ikiendelea. Ginebra, waliokuwa nyuma, walishinda. Nikiwaza hilo hadi leo nasisimka.

Ila wewe jifunze zaidi fainali ya 1991, iliyokuwa ya mechi saba. Ginebra walikuwa nyuma ya Shell kwa mechi 3 kwa 1, wakashinda tatu mfululizo. Kikapu cha ubingwa kilifungwa na mchezaji wake Rudy Distrito, si kocha mwenyewe. Wakati huo Jaworski alishaiongoza timu ya taifa kupata medali ya fedha katika Michezo ya Asia ya Beijing, 1990.

Kwa hiyo kubali. Lakini tafuta msaidizi unayemwamini akae benchi, na mpe ruhusa ya kukutoa uwanjani ukichoka. Umwambie hivyo mbele ya wachezaji wote, kabla ya mechi ya kwanza.