Kufundisha Kiingereza Japani: hesabu kwanza miaka yako ya shule

Wakuu, kuna mdau kauliza njia ipi nzuri ya kupata kazi ya kufundisha Kiingereza Japani: JET (mpango wa serikali ya Japani), kampuni za kusambaza walimu, au kujikatia tiketi ukatafutie hukohuko. Kasema ana digrii ya ualimu na kasoma English medium toka darasa la kwanza. Mimi niko huku mwaka wa saba, niliingilia mlango wa uani, na nimefanya kazi na waliopita milango mingine.

Kabla hujauliza mshahara, hesabu miaka uliyofundishwa kwa Kiingereza. Visa ya kufundisha mashuleni inataka anayefundisha lugha ya kigeni bila leseni ya ualimu ya Kijapani awe amesoma kwa lugha hiyo miaka 12 au zaidi. Mganda hapo hatoki jasho. Sisi wa St. Kayumba ndio tunaumia, maana msingi ni Kiswahili miaka saba na Kiingereza kinaanza Form One. Minne, miwili, digrii mitatu: tisa. Ongeza masters ya miaka miwili, 11. Unakosa mmoja!

Nililijua hilo kwa kuumbuka. Nilikuwa Morogoro, usaili kwa video unakwenda vizuri, dada wa upande wa pili tunacheka naye. Mwishoni kabisa akauliza, shule ya msingi ulifundishwa kwa lugha gani? Nikasema ukweli. Akaandika kitu, akanishukuru kwa adabu zote, na kesho yake asubuhi barua ya kukataliwa ikaingia. Kwa hiyo wewe wa English medium, nenda shuleni kwenu kachukue barua yenye muhuri inayosema mlifundishwa kwa Kiingereza. Ichukue sasa, mwalimu mkuu akiwa bado anakukumbuka.

JET, ule mpango wa serikali, upo tangu 1987. Ukiipata, shukuru. Nauli wanalipa wao, mshahara wa mwaka wa kwanza kuanzia 2025 ni kama yeni milioni 4 kwa mwaka, na unaweza kukaa hadi miaka mitano. Maombi yanapitia ubalozi wa Japani kwenye nchi yako, msimu wake ni Oktoba na Novemba, safari ni katikati ya mwaka unaofuata. Ila nchi yako iwe kwenye orodha ya mwaka huo, na mahali pa kuishi wanakupangia wao. Nina rafiki wa Afrika Kusini aliyepangiwa kisiwa kidogo, duka linafungwa saa kumi na mbili jioni. Yeye alipapenda. Mimi ningelia.

Kampuni za kusambaza walimu, huku wanaita haken, ndizo zinazoajiri wengi. Kampuni inakuajiri halafu inakupeleka shule za serikali uwe mwalimu msaidizi, ALT. Mwezi ni yeni 200,000 hadi 250,000, nauli juu yako. Mkataba usome hadi mstari wa mwisho. Mkenya mmoja jirani yangu alisaini akiona namba ya mwezi tu. Agosti shule zimefungwa, kampuni ikamlipa nusu. Alinionyesha ile karatasi ya mshahara tukiwa ngazini, anaigeuza nyuma na mbele kama vile nusu nyingine imeandikwa upande wa pili. Mwenye nyumba naye hana likizo ya Agosti.

Kwenda kutafuta ukiwa huko ni ushauri wa Wamarekani. Wao wanaingia siku 90 bila visa, wanafanya usaili, kazi ikipatikana karatasi zinafuata. Pasipoti yetu haina hiyo. Kwetu "kwenda mwenyewe" maana yake ni kwenda kama mwanafunzi, na ndiyo njia yangu. Ukiwa na visa ya masomo unaombea kibali, unaruhusiwa kufanya kazi saa 28 kwa wiki. Nikapata eikaiwa, yaani shule binafsi ya maongezi ya Kiingereza, ya mama mmoja, juu ya duka la baiskeli. Somo la majaribio nilikuwa nimeandaa kadi za sarufi. Watoto sita wa miaka mitano, dakika ya tatu wawili wako chini ya meza! Nikatoa soksi za akiba kwenye begi, nikakunja mpira, nikawachezesha rede: ukikwepa, taja rangi kwa Kiingereza. Yule mama kakaa kwenye kiti cha watoto, magoti yako kidevuni, hasemi kitu. Mwisho akasema neno moja, ashita. Kesho.

Nilipomaliza masters akaniombea visa ya kazi. Visa ya eikaiwa ni aina nyingine, kifungu cha miaka 12 hakimo, wanaangalia digrii na mkataba. Ubaya wake, unatoka kazini saa tatu usiku, na hizi ni biashara, zinakufa. NOVA ilikuwa kubwa kuliko zote, ikaanguka Oktoba 2007 na maelfu ya walimu wakabaki wanadai mishahara.

Wakala anayekutoza hela Dar akutafutie kazi huku, mkimbie. Na jamani, ule uvumi wa Agosti 2025 kwamba Japani imetupa sisi Watanzania mji wake wa Nagai, muuache.

Kwa hiyo mdau, anza na ubalozi, na wakati huohuo tuma maombi kwa haken. Mwaka wa shule huku unaanza Aprili, ukianza kutuma Januari umechelewa. Kwenye usaili waulize mambo mawili: Agosti mnalipa kiasi gani, na gari ananunua nani, maana vijijini hakuna basi. Leseni ya Tanzania inabadilishwa kwa mtihani wa kuendesha. Mimi nilifeli mara tatu, na huku wanapita kushoto kama kwetu, kwa hiyo hata kisingizio sina.