Ukienda Mesa Verde, shuka chini mpaka kwenye nyumba zenyewe

Mara ya kwanza tulienda kichwakichwa. Tumetoka Denver na gari zaidi ya masaa saba mpaka hifadhi ya Mesa Verde, kusini magharibi mwa Colorado huko Marekani, penye nyumba za mawe za kale walizojenga mababu wa Wapueblo chini ya miamba, kufika tunaambiwa tiketi za kushuka zimeisha, tukabaki kule juu tunaiangalia Cliff Palace, mojawapo ya hizo nyumba, kwa mbali, tukapiga picha tukaondoka. Kwahiyo cha kwanza kabisa, tiketi kata mapema, zinauzwa onlaini recreation.gov siku 14 kabla ya siku unayoenda na za Cliff Palace zinagombaniwa kweli, we kaa na simu mkononi. Ukikosa, nenda nyumba nyingine, Step House, upande wa Wetherill Mesa, pale kipindi cha joto unashuka mwenyewe bila tiketi. Spruce Tree House msipange, imefungwa tangu 2015 sababu ya mawe kudondoka.

Mara ya pili tukashuka Cliff Palace, jamani ni vitu viwili tofauti. Vyumba kama 150 vimepangwa chini ya mwamba mmoja, na kiva 23, yaani vile vyumba vya duara vilivyochimbwa chini walivyokuwa wanafanyia ibada na kukutania. Ukifika kwenye kiva usipite haraka, chungulia. Kuna tundu la kuingizia hewa, mbele yake kijiukuta kifupi ili upepo usiupige moto moja kwa moja, halafu shimo la moto, halafu kishimo kidogo sana sakafuni kinaitwa sipapu, kinakumbusha mahali watu walipotokea kuja duniani. Miaka ya 1200 hiyo, fundi amekaa akawaza moshi upite wapi na watoto wasipigwe baridi.

Alafu angalia udongo katikati ya mawe. Vijiwe vidogo vidogo vimeshindiliwa kimoja kimoja, na kuna sehemu alama za vidole vya aliyekandika bado zipo. Mimi bibi yangu nimemuona akikandika tembe kule Dodoma, alama zake zilikuwa hivyo hivyo, nilijikuta nasema hodi kimoyomoyo.

Ndo maana nawaomba sana mnaoenda na watoto, msiwaambie hawa watu "walipotea". Ukame ulipiga kuanzia 1276 mpaka 1299, pete za miti zinaonyesha, na mambo mengine yakachangia, wakahamia kusini, Arizona na New Mexico, na wajukuu zao wapo mpaka leo, Wahopi, Wazuni na watu wa vijiji vingine vya Pueblo. Jina Anasazi walilopewa hao mababu pia liacheni, ni la Kinavajo na wajukuu zao wengi hawalipendi. Mwaka 1891 alikuja kijana mtafiti kutoka Sweden, Gustaf Nordenskiöld, akachimba akabeba vitu vingi pamoja na mifupa ya watu, vikaishia makumbusho ya Finland, mpaka 2020 ndo mifupa na vitu vya makaburini vikarudishwa vikazikwa tena humo hifadhini. Miaka karibu 130 mtu hajalala kwao! Kwahiyo usiguse ukuta, usikae juu yake, usiokote hata kigae.

Mengine ya njiani: ni juu sana kule, zaidi ya mita 2,000, mwanangu kichwa kilimuuma siku nzima kwasababu maji tulibeba kidogo, bebeni mengi na siku ya kwanza msikimbizane. Kutoka getini mpaka kwenye nyumba weka karibu saa nzima, barabara ina kona kona, usifike getini saa ile ile ya tiketi utaachwa. Simu inakata kata so tiketi ihifadhi kabla.

Na kama goti linaruhusu na huogopi pembamba, chukua tiketi ya Balcony House, nyumba nyingine humo humo. Unapanda ngazi ya mbao ya futi 32 upande mmoja ukuta, mwingine bonde, na kutoka unatambaa kwenye kinjia chembamba kama inchi 18, begi unalisukuma mbele. Wenyewe walipita humo na mizigo yao.