Barua ya kufuta deni haipo

SWALI: Shikamoo. Naishi Tandahimba, nina watoto watatu. Mwezi Machi nilikopa shilingi 500,000 kwa mkopeshaji wa mtaani kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Kuanzia Aprili hadi Septemba nimelipa 100,000 kila mwezi, lakini anasema bado anadai 500,000 ile ile. Kadi yangu ya benki anayo pamoja na namba ya siri, na niliweka dole gumba kwenye karatasi ya shamba (nimewatumia picha). Kuna mwanasheria wa stendi anataka 150,000 aniandikie barua yenye mhuri ya kufuta deni. Ameniambia nisilipe tena wala nisipokee simu. Nasikia kuna msaada wa kisheria wa bure, ila watu wanasema cha bure hakina nguvu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mimi ni msaidizi wa kisheria, na nakwambia: hiyo 150,000 usiitoe. Kama umeshatoa ya utangulizi, usiongeze hata senti.

Nitaanza na hiyo barua, maana kila msimu wa korosho ukikaribia naletewa za aina hiyo mpaka nazijua kwa harufu. Juu imeandikwa kwa herufi kubwa TAARIFA YA KUSITISHA DENI, katikati kuna vifungu vya sheria visivyohusiana na mkopo, chini mhuri wa bluu wa duara. Mzee mmoja wa Nanyamba alinifungulia bahasha ya kaki yenye barua tatu za vishoka watatu tofauti (wanasheria bandia kama huyo wako wa stendi), zote kazilipia, na deni lake lilikuwa pale pale. Mtu mmoja hawezi kukaa mezani akaandika kwamba deni la mtu mwingine limekufa. Linaisha kwa kulipwa, kwa nyinyi wawili kukubaliana, au kwa mahakama kuamua. Mhuri wa kuchonga hata mimi naweza kuagiza leo jioni.

Kibaya zaidi ni hilo la kutopokea simu. Mkopeshaji akichoka anakwenda Mahakama ya Mwanzo. Samansi inaletwa, wewe umejificha kwa dada yako Newala kwa sababu kishoka alikwambia utulie. Shauri linasikilizwa upande mmoja, hukumu inatoka, na siku unayopata habari ni siku dalali wa mahakama yuko uani. Kishoka hapo kabadilisha laini.

Sasa tuje kwenye hesabu, ambayo yeye hakuigusa kabisa. Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani hawa wasiopokea amana. Kwa mkopo wako hiyo ni shilingi 17,500 kwa mwezi. Miezi sita ni 105,000. Ongeza na mtaji wa 500,000, unapata 605,000. Wewe umelipa 600,000. Limebaki deni la shilingi 5,000! Na hiyo ni hesabu inayompendelea mkopeshaji. Riba ikipigwa kwenye salio linalopungua, yaani deni lililobaki baada ya kila malipo, ulimaliza kwenye malipo ya sita na chenji ya zaidi ya 40,000 unaidai.

Usiikimbize hesabu hii mtaani kama hukumu. Ni hoja ya kupeleka mezani. Muulize kwanza leseni yake iko wapi, kwa sababu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mtu wa biashara hiyo awe nayo. Akiwa hana, hilo ni kosa lake, lakini usidanganywe kwamba fedha uliyopokea imegeuka zawadi. Akiwa nayo, peleka malalamiko kwake kwa maandishi, na asipokujibu vizuri Benki Kuu wana tawi hapa Mtwara.

Kadi usiiombe kwake. Nenda tawi la benki yako na kitambulisho, ifungwe, upewe nyingine. Fanya hivyo kabla malipo ya mnada wa korosho hayajaingia, maana ndiyo anayoyasubiri.

Kilichonikosesha usingizi ni karatasi yenyewe. Nimeikuza ile picha. Neno “mkopo” halimo. Kichwa chake kinasema MAKUBALIANO YA MAUZIANO YA SHAMBA, mikorosho 40, bei 500,000, na nafasi ya tarehe imeachwa wazi. Dole gumba lako limekaa kwenye “muuzaji”. Yaani wewe unahangaika na riba, mwenzako ana hati ya kununua shamba! Na kishoka wa stendi, aliyeishika karatasi hiyo hiyo mkononi, hakuiona au hakutaka kuiona. Ahueni ni kwamba ardhi ya kijiji haiuzwi kwa kukutana wawili chini ya mwembe. Inahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji, na mwenyekiti kugonga mhuri sebuleni kwake si kikao. Hapo ndipo pa kusimamia.

Kuhusu cha bure kutokuwa na nguvu: maneno haya yananichosha. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ndiyo inayotutambua, na msaidizi wa kisheria anasajiliwa. Ana kitambulisho, na akikuomba hela ya huduma huyo si mwenzetu, mshitaki. Tuna mipaka pia: hatusimami mahakamani kwa niaba yako, hiyo ni kazi ya wakili. Tunachofanya ni kusoma karatasi, kupiga hesabu, kuandika barua za kweli, kuwakalisha nyinyi wawili, na shauri likitushinda kukupeleka kwa wakili anayetoa msaada bila malipo. Mwulize afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, atakuelekeza.

Na wengine mnaosoma hapa msimcheke mama huyu. Vijana wenye mikopo ya kwenye simu mnafanyiwa yale yale, ila kwa kioo. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za kukopesha zisizo na kibali, na mara nikaanza kuwasikia mafundi wa “kukufuta kwenye mfumo” kwa 20,000. Hakuna mfumo wanaouingia. Wanachukua namba yako ya kitambulisho cha taifa (NIDA) tu, na mwezi unaofuata unadaiwa mkopo ambao hukuukopa.

Mwanangu, mkopeshaji akikutishia polisi, mjibu kwa upole kwamba deni ni shauri la madai na mahakama ipo. Simu yake pokea. Kisha uje na mumeo, na karatasi yenyewe siyo picha. Meseji za miamala usifute hata moja. Hizo sita za 100,000 ndizo risiti zako, na kama umeshafuta tutaomba taarifa ya miamala kwa kampuni ya simu.