Birger Ruud: miaka 12 kati ya medali

Umeuliza kwa nini Birger Ruud, yule bingwa wa kuruka kwa skii (mbao ndefu za kuteleza kwenye theluji), ana dhahabu za Olimpiki za 1932 na 1936 halafu fedha ya 1948, katikati hakuna kitu. Katikati palikuwa na vita, ndugu yangu. Olimpiki za 1940 na 1944 hazikufanyika, na Aprili 1940 Ujerumani iliivamia Norwei kwao. Wanazi walitaka michezo yote iendeshwe chini yao, wanamichezo wakagoma. Ruud alikataa kabisa kushirikiana nao. Mwaka 1943 wakamfunga katika kambi ya Grini, karibu na Oslo, na alipotoka 1944 akajiunga na wapiganaji wa chinichini. Fikiria, miaka yake bora ya kuruka ndiyo iliyoishia huko!

Mwaka 1948 alikwenda kwenye Olimpiki ya St. Moritz, Uswisi, kama kocha. Akaamua kuruka mwenyewe, akiwa na miaka 36, akapata fedha. Mimi naiheshimu medali hiyo kuliko zile dhahabu mbili. Aliyemshinda ni Petter Hugsted, kijana wa mji wake mwenyewe, Kongsberg.